Je, wajua kwa nini picha isiyo na rangi humfanya mtu atamani kuigusa?

Tandika mkeka wa ukindu, ule uliosukwa kwa chane za zambarau na kijani, karibu na dirisha asubuhi. Upige picha kwa simu, karibu sana, kiasi kwamba sehemu ya upana wa kiganja tu ndiyo inayojaa kwenye kioo. Kisha ondoa rangi. Ikiwa zambarau na kijani vina mwangaza sawa, vyote hugeuka kijivu kinachofanana, nayo nakshi hufifia kabisa. Badala yake utaona chane moja ikipanda juu ya mwenzake, mishipa ya jani lililokauka, na uzi uliounganisha ukili mmoja na mwingine. Mkeka ni ule ule, lakini sasa vidole vinautamani.

Sababu ya kwanza imo ndani yetu. Ubongo hutambua umbo na vitu vidogo vidogo hasa kwa tofauti ya mwanga na giza. Rangi tunaiona kwa ukungu zaidi kuliko tunavyodhani. Waliobuni JPEG, aina ya faili la picha inayotumika sana, walilitumia jambo hili: faili huhifadhi mwanga kwa undani zaidi, na mara nyingi hupunguza taarifa za rangi ili liwe dogo, nasi kwa kawaida hatugundui. Rangi inatuambia haraka hiki ni kitu gani, na tukishajua tunaacha kuangalia. Ikiondolewa, jicho hulazimika kutulia.

Sababu ya pili ni vivuli. Ukali au ulaini wa uso wowote, uwe wa fenesi, gome la mbuyu au mkono wa bibi, katika picha si chochote ila vivuli vidogo vilivyopangana. Kila kijiinuko kina upande wa mwanga na upande wa giza. Ndiyo maana flashi ya simu huharibu picha za namna hii: inamulika kutoka mbele, inajaza kila kijishimo, na fenesi linatoka laini kama embe. Mwanga unatakiwa utoke ubavuni. Tazama milango ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Jua likiielekea moja kwa moja, minyororo na mayungiyungi yaliyochongwa huonekana kama yamechorwa tu. Jua likipita kwa pembeni, likiulamba ubao, kila alama ya patasi huamka.

Tena ukiigeuza juu chini picha ya mlango kama huo, mara nyingi mashimo yatageuka vinundu na vinundu vitageuka mashimo. Ubongo umezoea mwanga unaotoka juu, kwa hiyo hupima kina kwa kuangalia kivuli kimeangukia upande gani. Mimi kila nikijaribu hushangaa upya.

Mpiga picha Mmarekani Edward Weston aliyajua haya vizuri. Mwaka 1930, huko California, alitia pilipili hoho ndani ya faneli la bati, na bati hilo likairudishia mwanga kwenye mikunjo yake. Akatumia tundu dogo sana la lensi ili kila sehemu ionekane bayana, akaacha kamera wazi kwa muda mrefu. Ile hoho inaonekana kama mwili wa mtu aliyejikunja, na ngozi yake unaihisi.

Wengi wakishaondoa rangi hukimbilia kuongeza kontrasti, yaani tofauti ya mwanga na giza, hadi mwisho. Hapo ndipo picha hufa, kwa maoni yangu. Wapiga picha Ansel Adams na Fred Archer, walipopanga mwanga wa picha katika ngazi 11 kutoka weusi wa 0 hadi weupe wa 10, waliona kwamba umbile la uso huonekana kati ya ngazi ya 2 na ya 8 tu. Nje ya hapo kuna giza tupu au weupe mtupu, na hakuna cha kugusa. Utajiri umo kwenye kijivu.

Angalia pia simu inavyogeuza rangi kuwa kijivu. Njia moja inayotumika sana huupa kijani uzito wa takriban asilimia 59, nyekundu 30, na buluu 11 pekee. Kwa hiyo kanga ya buluu iliyokolea itatoka karibu nyeusi na mikunjo yake kumezwa, hata kama mwanga ulikuwa mzuri. Isogeze karibu na dirisha, au chukua tochi, uilaze chini kabisa pembeni mwa kitambaa, kisha uizungushe polepole mpaka uzi mmoja mmoja uanze kutupa kivuli chake.