Je, wajua? Sauti nene ya Boney M. haikuwa ya yule aliyecheza jukwaani

Kila Desemba, ukiingia duka kubwa Nairobi au Dar es Salaam, utakuta Boney M., kile kikundi cha disko cha Ujerumani cha miaka ya 1970, wameshakutangulia. Wimbo wao wa Krismasi unapigwa kati ya rafu za mchele na mafuta ya kupikia, na mtu mzima aliyefuata sukari tu anajikuta anatikisa kichwa. Waliobahatika kuwaona kwenye televisheni wanawakumbuka kwa macho pia: wanawake watatu wamemetameta, na kando yao mwanamume mwembamba, afro kubwa, kifua wazi, anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Anafumbua kinywa, inatoka sauti nzito kabisa, ile ambayo wanakwaya huiita ya nne.

Sauti ile haikuwa yake. Ilikuwa ya Mjerumani mmoja aliyebaki studio, Frank Farian. Ukishalijua hilo, unapata na jibu la swali jingine linalowachanganya wengi: imekuwaje kikundi hiki kibadilishe watu, kivunjike, kizae vikundi vingine vyenye jina lilelile, na bado nyimbo ziwe zilezile?

Farian alizaliwa mwaka 1941 katika mji mdogo wa Kirn, na jina lake halisi ni Franz Reuther. Alisomea upishi kabla ya kugeukia muziki, akawa mwimbaji wa nyimbo laini za Kijerumani. Mwishoni mwa 1974 aliingia studio kurekodi kitu tofauti kabisa, wimbo wa disko uitwao “Baby Do You Wanna Bump”. Aliimba peke yake. Sauti nzito ni yeye, na zile nyembamba zinazoijibu ni yeye pia, kajibana koo, kisha akazipanga tabaka kwa tabaka kwenye utepe. Hakutaka kuutoa kwa jina lake. Alikuwa ametazama tamthilia ya upelelezi ya Australia ambayo mhusika wake mkuu ni inspekta aitwaye Boney. Akaliazima jina hilo, akaongeza M kwa sababu ilimpendeza masikioni. Wapo wanaoitafutia maana hiyo M, wasijisumbue.

Mwaka 1975 santuri ikauzika Uholanzi na Ubelgiji, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu. Televisheni na kumbi za disko zikamtaka huyo Boney M. aje atumbuize. Boney M. gani? Hakukuwa na mtu, kulikuwa na santuri tu. Ikabidi watafutwe watu wa kulivaa jina, kama aliyeshona jezi kwanza ndipo akaenda mtaani kutafuta wachezaji.

Katika miezi ile ya mwanzo watu waliingia na kutoka. Maizie Williams wa Montserrat, mwanamitindo, alikuwamo tangu mwanzo na akabaki; walioanza naye hawakukaa. Claudja Barry alikuwa mwimbaji hasa, na kazi ya kusimama jukwaani akichezesha midomo haikumridhisha, akaondoka mapema 1976. Nafasi yake ikachukuliwa na Liz Mitchell, mzaliwa wa Jamaika aliyekulia London, ambaye tayari alikuwa ameimba Ujerumani na Les Humphries Singers. Wengine ni Marcia Barrett, naye wa Jamaika, na Bobby Farrell wa kisiwa cha Aruba, aliyeanza ubaharia akiwa kijana mdogo kabla ya kuwa DJ. Hao wanne ndio mnaowaona kwenye majalada. Kikundi cha Kijerumani, na pichani hakuna Mjerumani hata mmoja.

Studio, mambo yalikuwa mengine. Farian aliona kwamba Liz na Marcia sauti wanazo, na zaidi Liz. Maizie na Bobby aliona hawafai kwa kile alichokitaka. Basi santurini sauti za kike ni za Liz na Marcia, na ya kiume ni ya Farian mwenyewe. Usikilize tena mwanzo wa “Daddy Cool” wa mwaka 1976, ule mlio mkavu unaogonga kabla besi haijaingia. Ni Farian anajigonga meno kwa penseli. Septemba mwaka huo kikundi kilionekana kwenye kipindi cha televisheni cha Musikladen cha Radio Bremen, Bobby akacheza kama alivyojua yeye, na baada ya hapo wimbo ukapanda hadi namba moja Ujerumani. Haki itendeke: penseli haikuuza wimbo ule peke yake. Miguu ya Bobby ilifanya kazi yake pia.

Mwaka uliowabeba kuliko yote ni 1978. “Rivers of Babylon”, wimbo wa The Melodians wa Jamaika uliojengwa juu ya Zaburi ya 137, ile ya kando ya mito ya Babeli, ulikaa namba moja Uingereza kwa majuma 5. Desemba wakarudi kileleni na wimbo wao wa Krismasi. Mwezi huohuo walikuwa Moscow, wakati ambapo vikundi vya disko vya Magharibi havikuwa vikikaribishwa huko ovyo. “Rasputin” hawakuuimba. Ulikuwa wimbo wao mpya unaotamba Ulaya, unamhusu Mrusi wa jina hilo, mtu wa dini aliyekuwa karibu na familia ya mfalme wa mwisho wa Urusi, na Warusi wenyewe ndio hawakupigiwa. (Wengi husikia ndani yake mahadhi ya wimbo wa zamani wa Kituruki, lakini hiyo ni kesi nyingine.)

Sisi wa Kiswahili tuna ushahidi wetu wa namna kikundi kilivyobadilika, na uko kwenye nyimbo mbili. Mwaka 1981 Boney M. walitoa “Malaika”, ule aliourekodi Fadhili William wa Kenya na ambao ugomvi wa nani aliutunga haujaisha hadi leo. Anayeongoza ni Liz, kwa Kiswahili chenye lafudhi yake. Bobby bado alikuwa ndiye mwanamume wa kikundi. Lakini kufikia mwisho wa mwaka ule yeye na Farian walikuwa wamekosana, akatolewa. Nafasi yake akapewa Reggie Tsiboe kutoka Ghana, ambaye yeye kuimba alijua. Mwaka 1983 wakatoa toleo lao la wimbo wa Them Mushrooms, “Jambo Bwana”. Kati ya “Malaika” na “Jambo” mwanamume wa kikundi ni mwingine kabisa, na msikilizaji wa redioni asingeweza kujua.

Fikiria ilivyo kwenye muziki wetu wa dansi. Mwimbaji akihama bendi, anahama na sauti yake, na nusu ya mashabiki wanamfuata kwenye ukumbi mpya. Bobby alipoondoka, sauti haikwenda popote. Ilibaki studio na mwenyewe.

Je, watu walidanganywa? Hapa mimi nasita kidogo. Farian alikiri mapema, hata kabla miaka ya 1970 haijaisha, kwamba Bobby na Maizie hawamo kwenye rekodi, na mauzo hayakuyumba. Watu walikuwa wanacheza, nani angesimama kuuliza? Mkono huohuo ulipofanya mchezo huohuo baadaye, mambo yakawa tofauti. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Farian aliwachukua vijana wawili warembo, Rob Pilatus na Fab Morvan, akawaita Milli Vanilli, na kuwawekea sauti za waimbaji wengine. Mwaka 1989, kwenye onyesho moja Connecticut, Marekani, utepe ulikwama ukawa unarudia maneno yaleyale, na Pilatus akakimbia kutoka jukwaani. Februari 1990 wakapewa tuzo ya Grammy ya wasanii wapya bora. Novemba Farian akatoboa siri hadharani, na tuzo ikachukuliwa. Tofauti naiona katika ile tuzo: Boney M. walipewa ngoma ichezwe, Milli Vanilli walipewa heshima ya waimbaji.

Boney M. walivunjika rasmi mwaka 1986. Bobby alikuwa amerudi mwaka 1984, muda wa kuagana tu. Kilichofuata ni kile ambacho ungekitarajia kwa jina lililozaliwa kabla ya wenye jina: kila mmoja akazunguka na Boney M. yake. Liz alikuwa na kikundi chake, Maizie wake, Marcia wake, Bobby wake, kila mmoja na waimbaji wapya kando, wote wakipiga “Daddy Cool”. Kwa hiyo ukiona bango la Boney M., soma maandishi madogo yaliyo chini ya jina, ndipo ujue unakwenda kumwona nani.

Bobby alifariki tarehe 30 Desemba 2010 katika hoteli mjini St. Petersburg, baada ya kutumbuiza usiku uliotangulia. Alikuwa na umri wa miaka 61. Rasputin mwenyewe aliuawa katika mji huohuo, kwa kalenda ya sasa, tarehe 30 Desemba 1916. Waandishi wa habari hawakuiacha ipite, na mimi pia nimeshindwa.

Farian alimfuata Januari 2024, akiwa Miami. Kabla ya hapo, mwaka 2021, DJ wa Uingereza aitwaye Majestic aliufanyia “Rasputin” remiksi ikasambaa kwenye TikTok, na watoto ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1978 wakaanza kujirekodi na simu sebuleni. Wakiinama, wakikunja mikono kifuani na kurusha miguu, wanamwiga Bobby.