Reli nyepesi na metro hazitofautiani kwa kina

Kila mjadala wa msongamano wa Kondele mjini Kisumu, au wa barabara kuu inayokatiza Nakuru, ukipamba moto, hutokea mtu akasema tujengewe treni ya chini ya ardhi kama miji mikubwa ya ng'ambo. Mwenzake humjibu kwamba hiyo ni ghali mno, tuanze na reli nyepesi, yaani ile ya juu. Nimeyasikia maneno haya redioni, kwenye vikao vya kukusanya maoni ya wananchi na ndani ya matatu, na juzi nimeyasikia tena kutoka kwa mtu anayetaka tumpe kura. Wanaoyasema wanaipenda miji yao, na wanalolitaka ni jema. Lakini wanabishania juu na chini, na tofauti haiko hapo.

Maana yenyewe haina urefu. Reli nyepesi ni treni ya umeme ya mjini, yenye mabehewa machache, inayoweza kupita barabarani na kuvuka makutano pamoja na magari, hata kama sehemu kubwa ya safari imetengewa njia yake. Metro ni treni ya umeme ya mjini isiyokutana na chochote: tangu kituo cha kwanza hadi cha mwisho, hakuna gari, mkokoteni, boda boda wala mtembea kwa miguu anayeikatiza reli yake. Kina cha reli hakimo katika maana hizi mbili.

Mwenye shaka aitazame London, mji ulioanza kuwa na metro kabla ya mingine yote mwaka 1863. Mtandao wake unajulikana duniani kwa jina la chini ya ardhi, ilhali zaidi ya nusu ya reli zake ziko juu, juani na mvuani. Treni za Chicago zinapita juu ya nguzo za chuma tangu 1892, na hizo pia ni metro. Karibu nasi zaidi, Njia ya Buluu ya Lagos, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2023 kati ya Marina na Mile 2, kilomita 13 hivi, haina handaki, lakini imetengwa kabisa na magari. Ukitumia kipimo cha kina, zote hizi utaziita kwa jina lisilo lake.

Sasa geuza upande wa pili. Handaki la kwanza la treni za mjini Marekani lilifunguliwa Boston mwaka 1897, na lilichimbwa kwa ajili ya tramu, zile treni za barabarani. Mpaka leo treni nyepesi za Boston zinapita humo, kisha zinatoka nje na kuingia mitaani. Edmonton, Kanada, ilifungua reli yake nyepesi mwaka 1978, na katikati ya mji iliiweka chini ya ardhi tangu siku ya kwanza. Hata Addis Ababa, ambayo watu wetu huitaja sana, ina kipande kifupi chini ya ardhi, vipande vingine juu ya nguzo, na vingine katikati ya barabara. Mfumo mmoja, reli nyepesi, juu na chini na kati.

Kwa nini basi nang'ang'ania njia iliyotengwa? Kwa sababu mengine yote yanazaliwa hapo. Treni inayopita barabarani haiwezi kuwa ndefu kuliko umbali wa kutoka makutano moja hadi mengine. Ikizidi, ikisimama itaziba barabara inayoikatiza. Dereva wake anaendesha kwa macho, akimwangalia mwenye tuktuk aliyekata kona bila kutazama, kwa hiyo mwendo unabaki wa kadiri. Umeme wake kwa kawaida hutoka kwenye waya wa juu, maana huwezi kulaza reli yenye umeme wa mamia ya volti mahali ambapo mtoto anavuka kwenda shule. Na treni haziwezi kufuatana kwa karibu sana, kwa kuwa kila moja inayopita makutano inayasimamisha magari, na magari nayo yana zamu yao.

Itenge njia hiyo, na vizuizi hivyo vyote vinaanguka kwa pamoja. Treni inakuwa ya mabehewa sita au manane. Ishara za reli, wala si macho ya dereva, ndizo zinazopima nafasi kati ya treni na treni, kwa hiyo zinaweza kufuatana kila baada ya dakika mbili. Umeme unaweza kulazwa kando ya reli. Sehemu nyingine hata dereva huondolewa.

Hesabu yake ni nyepesi. Treni nyepesi ya abiria 400 ikipita kila dakika tano inabeba watu 4,800 kwa saa kuelekea upande mmoja. Ukiibana ipite kila dakika mbili na nusu, unafika 9,600, na hapo makutano yako yameanza kulia. Metro ya abiria 1,200 kila dakika mbili inabeba 36,000. Pengo hilo ndilo linaloitenga mifumo hii miwili, na linatokana na kukutana au kutokukutana na watu wengine njiani.

Jina nalo limechangia mkanganyiko. Wengi hudhani reli nyepesi ni nyepesi kwa uzito: vyuma vyembamba, mabehewa ya mabati, kitu cha bei ndogo kuliko SGR. Maafisa wa usafiri wa mijini wa serikali ya Marekani walilianzisha jina hili mwaka 1972, walipotaka neno la kuitofautisha tramu iliyoboreshwa na tramu za kizamani ambazo miji yao ilikuwa imezing'oa. Wepesi waliouzungumzia ni wa mzigo wa abiria. Kwenye mizani, treni moja nyepesi ya kisasa ya vipande vilivyounganishwa inaweza kupita tani 40, wakati behewa moja la kawaida la metro ya New York, ambalo ni fupi zaidi, liko chini ya hapo. Kwa hiyo fundi anayepanga daraja la reli nyepesi hapunguzi zege kwa sababu ya jina.

Kuna miji inayovuruga mipaka, na ni haki kuitaja. Docklands ya London ina reli iliyofunguliwa mwaka 1987 na kuitwa nyepesi, lakini haivuki barabara hata moja na treni zake zinajiendesha. Mimi naihesabu kuwa metro ndogo. Tunis nako, mfumo ulioanza mwaka 1985 unaitwa metro na wenyeji, ilhali unapita barabarani na kusubiri makutano. Jina la kwenye bango halitoshi. Tazama reli inapokutana na barabara.

Sasa handaki linaingilia wapi? Handaki ni njia mojawapo ya kutenga. Mji unapohitaji njia isiyokatizwa na juu hakuna nafasi, unainuka kwenye nguzo au unashuka chini. Kushuka ndiko ghali kupita yote. New York ilifungua mwaka 2017 kipande cha kilomita tatu hivi chini ya barabara ya Second Avenue, na kilimeza takriban dola bilioni 4.5. Ni mfano wa kupindukia, kwani miji mingine huchimba kwa bei ya chini sana kuliko hiyo, lakini mahali popote handaki huzidi mara kadhaa gharama ya reli iliyolazwa juu ya ardhi.

Ardhi yetu nayo ina la kusema. Nakuru imekaa ndani ya Bonde la Ufa, chini ya Menengai, juu ya udongo wa majivu ya volkano na mipasuko ya kale, na mvua kubwa imewahi kuifungua ardhi nyufa za kutisha. Kisumu iko ufukweni. Kwenye mitaa yake ya Nyalenda na Manyatta watu huchimba kisima kifupi tu wakayapata maji. Sisemi haiwezekani. Cairo, iliyofungua metro ya kwanza ya Afrika mwaka 1987, imepitisha treni chini ya Nile. Maji na mipasuko haviukatazi mradi, vinaongeza bei yake, na bei hiyo inalipwa na abiria au na mwenye kodi.

Ndiyo maana namna tunavyoliuliza swali la uchaguzi inanisumbua. Tunauliza mji una watu wangapi. Sensa ya 2019 iliipa Nakuru watu takriban 570,000 na Kisumu karibu 400,000, na mtu akishazisikia namba hizo anatangaza kwamba tumefikia kiwango cha metro, au hatujakifikia. Namba ya mji mzima haisemi lolote kuhusu reli. Reli hupita mahali pamoja. Kinachotakiwa ni kujua watu wangapi wanapita Kondele wakielekea mjini kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, na kama wanatoka upande mmoja wa Mamboleo au wametawanyika pande saba. Kutoka Lanet na Free Area kuingia katikati ya Nakuru, vivyo hivyo. Ili matatu za abiria 14 zibebe watu 6,000 kwa saa kwenye njia moja, zingehitajika karibu 430, moja kila sekunde nane. Anayesimama Kondele asubuhi na saa mkononi anaweza kuhesabu mwenyewe kama tumefika huko. Hapo ndipo reli nyepesi inapoanza kuwa na maana. Metro inaanza mbali sana kupita hapo.

Zurich unafaa kutazamwa na Kisumu kuliko London. Ni mji wa watu zaidi kidogo ya 400,000, nao uko kando ya ziwa. Mwaka 1973 wapiga kura wake waliukataa mpango wa metro. Walibaki na tramu zao, wakazipa kipaumbele kwenye taa za makutano: tramu ikikaribia, taa inaifungulia njia. Kipande cha handaki kilichokuwa kimeshajengwa kwa ajili ya metro ile hakikutupwa. Tangu 1986 tramu zinapita ndani yake, zikisimama kwenye vituo vya chini ya ardhi kama metro yoyote. Na bado ni tramu.

Addis Ababa inatufundisha upande mwingine. Ilifungua njia mbili mwaka 2015, jumla ya kilomita 34 hivi, kwa dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka China. Kwa mji unaokua ilikuwa hatua kubwa, na watu waliijaza. Lakini miaka ilivyosonga, treni nyingi kati ya zile 41 zilisimama kwa kukosa vipuri, na fedha za kigeni za kuviagiza zilikuwa haba. Reli iliyolazwa bila karakana yenye vipuri hubeba watu wachache kuliko ilivyochorwa, iwe juu au chini. Ningependa swali la vipuri liulizwe kwetu kabla ya swali la handaki.

Kuna kosa moja la mwisho, na hili nalisikia kwetu kuliko kwingine. Reli ya zamani yenye upana wa mita moja, iliyofika Kisumu mwaka 1901, imekarabatiwa kutoka Nakuru, na treni ya abiria kutoka Nairobi ilirudi Kisumu Desemba 2021. Tangu hapo kuna wanaosema tuweke treni za mara kwa mara kati ya Kibos na Kisumu mjini, au kati ya Njoro, Nakuru na Lanet, na tutakuwa tumepata reli nyepesi. Wazo lenyewe nalipenda sana. Reli ipo, ardhi yake imeshatengwa, na vituo vipo tangu enzi za babu zetu. Ila treni ya dizeli inayotumia reli moja na treni za mizigo, ikisubiri zamu ili behewa la mafuta lipite, ni treni ya abiria ya kawaida inayohudumia mji, kama zile za Nairobi zinazokwenda Syokimau na Ruiru. Abuja nayo ilizindua treni za dizeli mwaka 2018 na kuziita reli nyepesi. Jina halikuzifanya ziwe hivyo. Ni kweli Karlsruhe, Ujerumani, tangu 1992 imepitisha tramu za umeme kwenye reli kuu pamoja na treni kubwa, lakini ilibidi kwanza zitengenezwe tramu zinazokubali umeme wa aina mbili, na ishara za reli zikapangwa upya.

Basi, ndugu unayeitetea treni ya Kibos, endelea kuitetea, nami nakuunga mkono. Iite treni ya abiria ya mjini, na uombe ratiba yake, vituo vyake na nauli yake. Ukiiita reli nyepesi, atakayekujibu atakuletea makadirio ya waya za umeme na makutano ya Oginga Odinga Street, na ombi lako dogo litawekwa kwenye faili la mradi mkubwa.