Si oveni inayofanya mboga za kuoka zitoe maji

Karibu kila mteja na kila mwanafunzi wa mapishi ninayekutana naye hapa Kigoma hulalamika kwamba mboga zake za kuoka zimetoa maji kwa sababu oveni yake haina moto. Maelezo hayo nimeyachoka, kwani mara nyingi oveni haina kosa lolote: trei ndiyo iliyojazwa pomoni. Mlo huu, ambao Ulaya na Marekani hupikwa zaidi kati ya Septemba na Novemba wakati wa mavuno ya maboga na mazao ya mizizi, unatufaa sana sisi tunaopata viazi vitamu, maboga, karoti, vitunguu na bilinganya soko la Mwanga bila taabu, na inasikitisha kuona unaharibiwa namna hiyo.

Wanaojaza trei huamini kwamba wanaokoa gesi. Nia ni njema, lakini matokeo ni kinyume. Karoti na kitunguu vina maji karibu asilimia 88, na boga na bilinganya hupita 90. Maadamu uso wa kipande una maji, joto lake haliwezi kupita kiwango cha maji kuchemka, ambacho kwetu, mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, ni nyuzi 97 hivi, hata kama oveni imewekwa 220. Rangi ya kahawia na ile harufu tunayoitafuta huanza uso unapokauka na kufikia nyuzi 140 hivi. Vipande vikibanana, mvuke wa kimoja hunasa chini ya kingine, na kinachofanyika humo ni kuchemsha. Fungua mlango baada ya nusu saa utazame: kioo kimelowa kwa ndani, vitunguu vimepauka, boga limebonyea, na maji ya manjano yametuama kwenye kona za trei. Mpishi huongeza dakika ishirini, halafu ishirini nyingine, na gesi aliyotaka kuiokoa inakwisha.

Trei ya sentimita 30 kwa 40 isibebe zaidi ya robo tatu ya kilo, kila kipande kiguse bati na kiachane na mwenzake kwa upana wa kidole. Ukiwa na mboga nyingi, tumia trei mbili na uzibadilishane nafasi katikati ya mapishi. Tafadhali, usizifunike kwa karatasi ya alumini, maana kufanya hivyo ni kuurudisha mvuke uleule.

Wengine hudhani mafuta mengi ndiyo yanayoleta rangi. Vijiko viwili vya chakula kwa trei vinatosha, ilimradi kila kipande kipakwe. Mafuta ya alizeti ya kukamua yasiyosafishwa hutoa moshi mapema kwenye moto huo. Yaliyosafishwa yanafaa zaidi. Mawese yetu nayaheshimu mno, na naomba watu waache kuyachoma mpaka yawe meupe, kwa kuwa moto huo huharibu karotini, ile rangi ambayo mwili huigeuza vitamini A, inayoyapa wekundu wake. Ukiyapenda, yachanganye na mboga zikishatoka ovenini.

Si kweli pia kwamba mboga zote zikatwe sawa na kuingia pamoja. Karoti na viazi vitamu vikatwe sentimita 2, boga 3, bilinganya kubwa zaidi kidogo. Hoho na nyanya huingia dakika 15 za mwisho. Viazi vitamu huongezeka utamu vikipata joto taratibu, kwa sababu kati ya nyuzi 60 na 75 wanga wake hugeuka sukari.

Kuhusu vitamini, kuoka hupunguza vitamini C, lakini kuchemsha na kumwaga maji hupoteza nyingi pia, na karotini ya karoti na ya viazi vya rangi ya chungwa hufyonzwa vizuri mwilini ikiliwa na mafuta.

Asiye na oveni asidhani mlo huu haumhusu. Sufuria pana iliyopaliwa mkaa juu na chini, mwingi ukiwa juu, huoka vizuri, mradi mboga zitandazwe safu moja na kifuniko kiinuliwe kila baada ya dakika kumi mvuke utoke. Ndimu ikamuliwe mezani.