Kabla ya semina ya usimamizi wa muda, hesabuni viporo

Ombi ninaloletewa na ofisi nyingi halibadiliki: "Tuletee mafunzo ya usimamizi wa muda, watu wetu wanachelewesha kazi." Huwa nakubali, ila kabla sijamfundisha yeyote kupanga siku yake, naomba kila mmoja kwenye kitengo aandike kazi zote alizo nazo mkononi. Zote, pamoja na zile alizoagizwa koridoni na zile zilizotumwa kwa WhatsApp saa mbili usiku. Mbele ya kila kazi aandike nani kaiagiza, lini, na imebakiza saa ngapi za kuifanya.

Karatasi ikijaa, tatizo huonekana lenyewe. Tuseme ofisa ana kazi 12. Ripoti ya robo mwaka iko nusu. Takwimu alizoombwa na idara jirani: jedwali limefunguliwa, safu mbili zimejazwa, basi. Wasilisho la mkurugenzi lina kichwa cha habari tu. Ukishuka hadi mstari wa mwisho ni hivyohivyo, kila kazi imeguswa na hakuna iliyokwisha. Mtu huyu ukimpa shajara mpya utakuwa umempa mahali pengine pa kuandika viporo vyake.

Mwaka 1961 John Little, mtafiti wa Marekani, alithibitisha kanuni ya foleni ambayo wasimamizi wa viwanda wanaijua sana na wa ofisini hawaijui. Kwa wastani, idadi ya vitu vilivyomo kwenye foleni ni kasi ya kuingia kwake mara muda ambao kila kimoja hukaa humo. Kama ofisa wetu anamaliza kazi 3 kwa wiki na nyingine 3 zinaingia, huku ameshika 12, basi kila kazi itakaa kwake wiki 4. Akibaki na 6 mkononi, kwa kasi ileile, kila moja itakaa wiki 2.

Mtaniuliza: hizo 6 nyingine si zinasubiri? Zinasubiri, ndiyo. Hata mwanzo zilikuwa zinasubiri, tofauti ni kwamba aliyeagiza alidhani zinafanyiwa kazi. Zikiwekwa wazi kwenye orodha ya kusubiri, mwenyewe anajua, na kila mara kuna moja au mbili ambazo zikitazamwa vizuri hakuna anayezihitaji tena. Hizo zifutwe palepale.

Tena hesabu hiyo imemhurumia ofisa wetu, maana imechukulia kwamba kasi yake haipungui anaporukaruka. Inapungua. Mwaka 2009 Sophie Leroy alichapisha majaribio yanayoonyesha kwamba mtu akiacha kazi haijaisha na kuhamia nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka, na ile ya pili huifanya vibaya zaidi. Mshika mbili, wahenga walishasema.

Kuhusu safu ya saa, msiamini makadirio ya kichwani, hata ya mtu makini. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1994, wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikadiria kwamba tasnifu zao zingewachukua wastani wa siku 34 hivi. Ziliwachukua zaidi ya 55. Swali zuri ni: ripoti kama hii mara ya mwisho ilikuchukua muda gani? Jibu la swali hilo ndilo liandikwe, hata kama linaudhi.

Na siku ya saa 8 haina saa 8 za kazi. Toa vikao, toa barua pepe, toa simu na watu wanaoingia "dakika moja tu". Kwa kawaida naanza kupanga na saa 5, kisha tunarekebisha baada ya kuona wiki ilivyokwenda. Wakubwa hawapendi kusikia hivi. Lakini kwa wanaopokea kazi zisizo na ratiba, kama dawati la wateja, kujaza siku hadi pomoni kuna gharama inayohesabika. Kwenye hesabu rahisi ya foleni yenye mhudumu mmoja, akiwa ameshughulishwa asilimia 80 ya muda wake, mteja husubiri kwa wastani mara 4 ya muda wa kuhudumiwa. Ikifika asilimia 90, ni mara 9. Asilimia 95, mara 19.

Sasa, kazi ya 7 inapokuja? Wengi humshauri mfanyakazi ajifunze kusema hapana. Ushauri huo wa bure sijawahi kuupenda, kwa sababu mwenye kuweza kusema hapana kwa bosi wake hahitaji semina yangu. Ninachofundisha ni jibu hili: "Sawa bosi, nimeipokea. Nikiianza leo, ripoti ya robo mwaka itasogea hadi Alhamisi. Ipi itangulie?" Kisha namgeukia bosi, naye nampa sharti lake: "Zote ni za haraka" halihesabiki kuwa jibu. Kama mfanyakazi anaagizwa na wakubwa watatu, mmoja wao ateuliwe kuamua, la sivyo atakayepiga kelele zaidi ndiye atakayepanga foleni.

Programu za simu, rangi za kalenda na kengele za dakika 25, chagueni mnazozipenda. Ninayosisitiza ni moja tu: saa mbili mfululizo kila siku ambazo mtu haitwi wala hapigiwi simu, na ambazo mkuu wa kitengo anaziheshimu wa kwanza.

Mkishakusanya karatasi zote, ziwekeni mezani pamoja. Karibu kila kitengo kina mtu mwenye kazi 14 na mwingine mwenye 4, na kinachofuata ni minong'ono. Someni kwanza safu ya saa, kwa kuwa huenda hizo 4 ndizo nzito. Kama si nzito, basi mwenye 14 kabebeshwa kwa sababu anamaliza, na mgawanyo uanze upya hapohapo, kabla watu hawajatoka chumbani.