Mahekalu ya Dilwara: yanayosimuliwa na yanayosemwa na jiwe

Mahekalu ya Wajaini (wafuasi wa Ujaini, dini ya kale ya India) ya Dilwara, juu ya Mlima Abu huko Rajasthan, India, yana hadithi karibu kila pembe. Baadhi ni tamu, lakini zinawanyima mafundi heshima yao, kwa sababu walichokifanya kinastaajabisha kuliko kinachosimuliwa.

"Dilwara ni hekalu moja la mwaka 1031."

Ni mahekalu matano, na kati ya la kwanza na la mwisho imepita zaidi ya miaka 500. Mwaka 1031 ni wa Vimal Vasahi, lililojengwa na Vimala Shah, waziri wa Bhima I, mfalme wa nasaba ya Solanki ya Gujarat. Luna Vasahi liliwekwa wakfu mwaka 1230 na ndugu wawili, Vastupala na Tejapala, nao pia mawaziri. Jina lake linamkumbuka Luniga, kaka yao aliyefariki. Baada ya hapo likaja Pittalhar, kisha la Parshvanatha lenye ghorofa tatu (1459), na mwisho lile dogo la Mahavira (1582); hao wawili ni walimu wa dini ya Wajaini.

Hata Vimal Vasahi halikujengwa kwa mkupuo mmoja. Sehemu kubwa ya kumbi zinazopigiwa mfano, pamoja na ukumbi wa tembo, iliongezwa na Prithvipala, mtu wa ukoo uleule, katikati ya karne ya 12. Ukisimama chini ya dari ile ukasema "hii ni ya 1031", umekosea kwa zaidi ya miaka 100.

"Nje waliacha kuta tupu ili wavamizi wasijue kilichomo."

Angalia ramani ya jengo. Ua wa mstatili umezungukwa pande zote na vijumba vya ibada, hamsini hivi, kila kimoja na sanamu yake, na milango yote imeelekea ndani. Ukuta unaouona ukiwa nje ni migongo ya vijumba hivyo. Pambo limewekwa pale mwenye kuabudu anapopita. Na hata kama nia ingekuwa kuficha, ukuta haukusaidia: mwaka 1311 majeshi ya Alauddin Khalji, sultani wa Delhi, yaliyaharibu mahekalu haya, na ilichukua muongo mmoja hivi ndipo yakatengenezwa.

"Kuba linashikiliwa na matao na wale wanawake wa mawe."

Hapa ndipo watu wengi hupotea, hata waashi wazuri. Tao la kawaida hujengwa kwa mawe yaliyokatwa kama kabari, yanayobanana. Dilwara hakuna kabari. Anza chini: nguzo 12 zimepangwa mraba, nne kila upande ukihesabu za pembeni. Boriti za mawe zinaunganisha zile nane za katikati ya pande, hivyo mraba unageuka umbo la pembe nane. Pembe hizo zikizibwa tena kwa vipande vya mawe, umbo linakaribia mviringo. Kuanzia hapo yanalazwa maduara ya mawe, moja juu ya jingine, kila duara likitokeza ndani kidogo kuliko la chini yake, hadi nafasi inapobaki ndogo na kufungwa kwa jiwe la mwisho. Linalozuia jiwe lisipinduke kuangukia ndani ni uzito ulioikalia sehemu yake ya nyuma. Ukitokeza duara kupita kiasi, au ukipunguza uzito wa nyuma, linaporomoka.

Zile sanamu 16 za miungu-wanawake wa elimu, zilizosimama kuzunguka kuba la Vimal Vasahi, hazibebi chochote. Ni pambo. Matao ya mawimbi kati ya nguzo yana asili tofauti: katika ujenzi wa zamani yalikuwa mihimili ya mshazari ya kuitegemeza boriti katikati, kwa sababu marumaru hustahimili kugandamizwa lakini hupasuka upesi yakipindwa. Baadaye yalichongwa kiasi kwamba kazi hiyo ikawa ndogo kuliko uzuri wake.

Katikati ya kuba la Luna Vasahi kuna ua la mawe linaloning'inia, petali juu ya petali, jembamba hadi mwanga unapenya kingo zake. Halikubandikwa. Limeshikwa kwa juu, ndani ya duara la mwisho, nawe unaona tu kilichoteremka.

"Wachongaji walilipwa kwa uzito wa vumbi walilotoa."

Husimuliwa kama hesabu ya kweli, na wengine huongeza kwamba malipo yalikuwa dhahabu. Ichukue kama hadithi. Lakini ina mbegu ya ukweli kuhusu kazi yenyewe: marumaru membamba namna ile hayavumilii patasi hadi mwisho, pigo moja na petali imekatika. Hatua za mwisho ni za kukwangua na kusugua polepole, na zao lake ni unga.

"Vidaka viwili vya Luna Vasahi vilijengwa na wake wa wale ndugu wawili wakishindana."

Waongoza watalii huipenda sana hii. Maandishi yaliyochongwa kwenye vidaka yanasema jingine: vyote viwili vilitolewa na Tejapala kwa ajili ya thawabu ya mke wake Suhadadevi.

"Sanamu zote ni za Mahavira, mwanzilishi wa dini."

Kwa Wajaini, Mahavira ni wa 24 na wa mwisho katika mfululizo wa walimu wa zama hizi. Nyuso zao zinafanana makusudi, basi usitazame uso, tazama alama, ambayo kwa kawaida huwa chini ya kiti: fahali ni Rishabhanatha (mwenye Vimal Vasahi), kombe la baharini ni Neminatha (mwenye Luna Vasahi), simba ni Mahavira. Parshvanatha ana nyoka, na vichwa vya nyoka vilivyotanda juu ya kichwa chake huonekana tangu mlangoni. Alama hizi hizi hutumika pia katika hekalu la Wajaini la Langoni, Mombasa.