Kuku wa Jana Chini ya Moto wa Leo

"Lakini nilimpasha moto mpaka akachemka." Kila ninapoketi na mtu aliyetapika usiku kucha baada ya kula kuku wa kukaanga wa jana, au na mpishi wa kibanda cha chipsi anayetetea biashara yake, utetezi huwa ni huo huo, na hutolewa kwa uhakika wa mtu aliyetimiza wajibu wake wote. Kazi yangu ya afya ya umma hapa Kisumu imenifanya niusikie hadi nikachoka, kwa hiyo nitaanzia hapo na kukawia hapo.

Dhana yenyewe huuchukulia moto kama sabuni: lolote lililokiingia chakula usiku litaondolewa asubuhi kwa kukitokosa. Ukweli ni kwamba moto huua bakteria wengi lakini hauondoi kile ambacho bakteria hao wamekwisha kukiacha. Mchukue Staphylococcus aureus, anayeishi puani na kwenye ngozi ya watu wengi wasiougua chochote. Paja la kuku lililoiva vizuri kwenye karai ya mafuta halimbebi akiwa hai. Humpata baadaye, mpishi anapolipanga kwa vidole alivyojikunia pua, ndani ya lile kabati la kioo lenye balbu ambayo wateja hudhani inamhifadhi kuku. Mara nyingi balbu ile humfanya kuku awe vuguvugu tu, na uvuguvugu ndio bakteria anaoutaka. Kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi bakteria wa chakula huzaana, na katika joto linalowafaa zaidi wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa hesabu ya karatasini, mmoja aliyekuwapo saa tatu usiku huwa amezidi milioni 16 ifikapo saa kumi na moja alfajiri. Huyu niliyemtaja hutoa sumu anapozaana, na sumu hiyo hustahimili kuchemshwa kwa nusu saa. Hapa tulipo, mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, lakini hata ungeipeleka sufuria yako Mombasa usingepata nafuu yoyote.

Wali uliobaki kando ya kuku huyo una mkaazi wake, bakteria Bacillus cereus, ambaye hujifunga katika ganda gumu, akasalimika upishi wa kwanza, kisha akaamka wali unapopoa polepole ndani ya sufuria iliyofunikwa. Naye huweza kuacha sumu isiyojali moto wa pili.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dhana hii huwafanya watu waogope sahani isiyofaa kuogopwa. Kuku aliyewekwa kwenye jokofu kabla ya saa mbili kupita tangu aepuliwe, akaliwa baridi siku inayofuata, huambiwa atamkata mtoto tumbo; aliyelala mezani chini ya kawa na kupashwa moto hadi akafuka moshi husifiwa kuwa salama. Mimi ningempa mwanangu yule wa kwanza bila kusita. Baridi haina ugonjwa ndani yake. Swali ninalomwuliza kila mgonjwa ni kuku alikaa wapi na kwa muda gani, na wengi hunijibu kwa kunieleza ukali wa moto.

Jamaa zetu Waluhya wana desturi ya kumwekea mwenye nyumba firigisi, ile imondo, hata akichelewa kurudi. Sina ugomvi na heshima hiyo, ila naomba isizidi saa mbili mezani, na siku joto likipita nyuzi 32 isizidi saa moja.

Wengine hunusa. Harufu mbaya hutokana na bakteria wanaoozesha chakula, na mara nyingi hao si wale wanaomlaza mtu hospitalini. Kuku mwenye sumu ya kutosha kukutapisha huweza kunukia kitunguu saumu kama alivyonukia jana.

Husemwa pia kwamba chakula cha moto hakifai kuingizwa kwenye jokofu, na wasemao hivyo hukiacha mezani hadi asubuhi "kipoe". Sufuria nzima ya mchuzi unaochemka kweli italipasha joto jokofu, lakini vipande vya kuku vikitandazwa kwenye chombo kipana na kifupi hupoa upesi, vikaingia vikiwa bado na joto kidogo, na hapo vitakaa siku 3 au 4. Umeme ukikatika, usifungue mlango: jokofu lililofungwa huhifadhi baridi kwa saa 4 hivi. Asiye na jokofu, kwangu ushauri ni mmoja tu: nunua vipande vitakavyoisha.

Kumwosha kuku mbichi kwa maji mengi hakumsafishi; hurusha Campylobacter, bakteria wa kuharisha, kwenye sinki na kachumbari. Ndimu haiui kinachohitaji moto. Na wekundu kando ya mfupa wa kuku wa gredi si lazima uwe ubichi, kwa sababu mfupa wa ndege mchanga huvuja rangi. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 74 katikati ya nyama, ameiva.

Limebaki lalamiko la ganda la kuku wa kukaanga kulegea, ambalo si la afya lakini huniuma kama mlaji. Watu hulaumu unga au mafuta, ilhali aliyeliharibu ni mvuke: wanamfunika kuku akiwa bado moto, unyevu unakosa pa kutokea na kurudi kulilegeza ganda. Hata bila kifuniko, maji ya nyama huendelea kuhamia kwenye ganda usiku kucha, na mafuta ya kuku, yanayoharibiwa na hewa kwa urahisi, huipa nyama ile ladha ya kadibodi inayojitokeza zaidi inapopashwa moto. Ndiyo maana mimi hula paja la jana likiwa baridi, kwa chumvi, pilipili na ugali wa moto. Anayelazimika kulipasha moto alitie katika kikaango kikavu, moto mdogo, bila kifuniko, na aligeuze mara kwa mara hadi lifuke mvuke hadi ndani. Ganda litakauka kidogo, ingawa si kama la jana.