"Hili jina umelitoa wapi?" Dhana na ukweli kuhusu majina adimu ya ukoo Nairobi

Juzi msichana mmoja alikuja mezani kwangu na kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba yake, vyote ndani ya bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Nina saiba ndogo katikati ya jiji. Kazi yangu kubwa ni kuwajazia watu fomu na kuwachapia hati za kiapo kabla hawajazipeleka kwa wakili kugongwa muhuri. Hata hajaketi, akaniambia: "Mzee, kila ofisi ninayoingia naulizwa hili jina nimelitoa nchi gani." Silitaji hapa. Jina la watu wachache namna hiyo, ukilitaja umewataja wote.

Mambo ya majina nimekaa nayo miaka mingi, na nimeona watu wakiumizwa na vitu visivyo kweli. Wachumba wanakatazwa kuoana, warithi wanashukiwa, mtoto wa Nairobi anaitwa mgeni katika mji aliozaliwa. Nianze na dhana inayozaa nyingine zote.

"Jina la ukoo ni la tangu mababu"

Kwa wengi wetu si kweli. Mtu alikuwa na jina lake, na likihitajika la pili likatajwa la baba: wa kwa Wakikuyu na Wakamba, arap kwa Wakalenjin, ole kwa Wamaasai, bin na binti kwa Waswahili. Vyote maana yake ni mwana wa fulani. Mwana naye akizaa, mnyororo unasonga pete moja, la babu linaachwa nyuma na la baba linashika nafasi. Ukoo ulikuwepo, tena wenye nguvu, ila haukuandikwa mwishoni mwa jina la mtu. Wakikuyu huuita mũhĩrĩga, Wakamba mbaĩ, Wajaluo dhoot. Uliulizwa kwa mdomo, siku ya posa au siku ya kugawa shamba.

Kilichobadilisha mambo ni karatasi. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa mwishoni mwa 1919: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu aandikwe jina, achukuliwe alama za vidole, na abebe karatasi yake ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Shule na misheni nazo zilitaka jina la kubatizwa na jingine la nyuma. Jina la baba, ambalo lilipaswa kupita na kizazi chake, likaganda pale lilipoandikwa, likaanza kurithiwa na wajukuu na vitukuu. Wanawake waliingia katika daftari la vitambulisho baadaye sana, baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1978.

Mfano mkubwa tunapita juu yake kila siku. Kamau wa Ngengi alibatizwa mwaka 1914 akaitwa Johnstone Kamau. Miaka ya 1920 aliajiriwa na baraza la mji wa Nairobi, idara ya maji, akijulikana kwa mkanda wa shanga aliouvaa, kinyata. Nyumba yake ya Dagoretti, alikokuwa akiweka bidhaa za dukani, aliiita Kinyata Stores. Baadaye akawa Jomo Kenyatta. Leo jina hilo lina barabara, hospitali na chuo kikuu, na mtu angedhani limetoka enzi za Gĩkũyũ na Mũmbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu katika simulizi. Limetoka kiunoni mwa mtu mmoja, karibu miaka 100 iliyopita.

"Jina moja, damu moja"

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inavunja nyumba kabla hazijajengwa. Waliwahi kuja kwangu wachumba wawili, wote Koech, mama wa kijana amekataa kabisa: "Huyo ni dada yako." Nikawaeleza ninavyoelewa. Mtoto wa kiume wa Kikalenjin aliyezaliwa alfajiri huitwa Kipkoech. Mwanawe akishatahiriwa, alichukua arap na jina la baba bila ile Kip, akawa arap Koech. Ndivyo mtoto wa mzee Kimoi alivyokuwa arap Moi. Kwa hiyo Koech mmoja na Koech mwingine wanaweza kuwa hawana uhusiano wowote, isipokuwa kwamba kila mmoja ana babu aliyezaliwa kukipambazuka. Swali la kuuliza ni la oret, yaani ukoo, na tiondo, mnyama wa ukoo huo. Walipoulizana wakakuta ni tofauti. Mama bado alinuna kidogo, lakini aliwaruhusu.

Kwa Wajaluo ni vivyo hivyo. Otieno kazaliwa usiku, Achieng' jua likiwaka, Okoth wakati wa mvua. Kwa Wabukusu, Wafula ni wa mvua, Simiyu wa kiangazi, Wanjala wa njaa. Mwaka wa njaa huzaliwa akina Wanjala wengi wasiojuana.

Na kinyume chake kipo. Kwa Wakikuyu mwana wa kwanza huitwa kwa babu mzaa baba, kwa hiyo Njoroge Kamau humzaa Kamau Njoroge, naye akamzaa Njoroge Kamau mwingine. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kumaliza shule mmoja akiandikwa kwa jina la baba, mwingine kwa jina la babu. Karani akaona watu wawili wa nyumba mbili.

"Jina lisilofahamika ni la mgeni"

Nenda City Park, Parklands. Ndani kuna bustani ya kumbukumbu ya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyeshika cheo hicho mwaka 1966 kwa miezi michache. Yeye alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911 akiitwa Joseph Zuzarte. Baba yake alikuwa Mgoa, yaani mtu wa Goa kule India, mama yake Mmaasai. Kati ya Wagoa wa Nairobi utakutana na Fernandes, D'Souza na Pereira wengi kabla hujampata Zuzarte mmoja.

Mtu akisikia Zuzarte anasema moja kwa moja, huyo ana damu ya Kireno. Hapana, jina halithibitishi hilo. Wareno waliiteka Goa mwaka 1510 wakakaa hadi 1961, na wenyeji waliobatizwa walipewa majina ya Kireno, mara nyingi la padri aliyewabatiza au la msimamizi wa ubatizo. Familia za Kihindi zisizo na babu hata mmoja wa Lisbon zikatoka kanisani zikiitwa kama watu wa Lisbon. Jina lilieleza nani alisimama karibu na maji siku ile. Kisha Wagoa wakapanda meli wakaja Afrika Mashariki, wengi wao wakawa makarani katika ofisi za serikali ya kikoloni.

Joseph mwenyewe alilipumzisha la Zuzarte akachukua Murumbi, jina la upande wa mama. Nampenda sana kwa uamuzi huo. Angeweza kubaki na jina ambalo lingemfungulia milango fulani wakati ule, akachagua lile lililomfunga na watu wa mama yake. Sasa ukiliona Murumbi peke yake, hungejua kwamba nyuma yake kuna Goa. Ukiliona Zuzarte peke yake, hungejua kwamba nyuma yake kuna Wamaasai. Sanaa na vitu vya kale alivyokusanya vimo Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, ghorofa ya chini. Naye alipofariki mwaka 1990 alizikwa City Park, karibu na makaburi alikolazwa rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanasiasa wa asili ya Goa, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1927, aliyeuawa Februari 1965. Wote wawili walibeba majina ya Kireno tangu kuzaliwa, na wote wawili ni wa hapa. Anayemuuliza mtu "jina hili ni la nchi gani?" apite pale kwanza.

"Makarani ndio walioharibu majina yetu"

Wamarekani nao wana hadithi kama hii. Wanasema babu zao walibadilishiwa majina na makarani walipofika Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York. Ukweli ni kwamba makarani wale walisoma orodha za abiria zilizoandikwa tayari bandarini meli ilikotoka. Huku kwetu lakini dhana hii ina ukweli ndani yake, maana karani aliandika alichokisikia, na alichokisikia kilitegemea sikio lake ni la wapi.

Chukua Mũrĩithi, mchungaji. Kikuyu kina irabu saba, mashine ya taipu ya ofisini ina tano. Ile ĩ iko karibu na e, basi mmoja akaandika Mureithi, mwingine Muriithi, mwingine Murithi. Gĩthĩnji akawa Githinji hapa na Gethenji pale. Wacira wa Kikuyu sanifu akawa Wachira. Ng'ang'a ndiye aliyeteseka kuliko wote, kwa sababu ya ritifaa, kile kialama (') cha juu. Kuna fomu za kompyuta zisizoikubali alama hiyo, kwa hiyo nina wateja wa familia moja walio Ng'ang'a, Nganga na Ngang'a. Mwanadamu akisoma anajua ni jina moja. Kompyuta inahesabu matatu, na lile la tatu inaliona adimu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema yote ni uharibifu. Nyingine ni uchaguzi. Mtu aliandikwa vibaya, akaenda shule na jina hilo, akaolewa nalo, akazaa nalo. Likikaa vizazi viwili limekuwa lake. Anayetaka kulibadilisha sheria inamruhusu, kwa hati ya kubadili jina inayosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya. Asiyetaka, asisukumwe. Na mwanamke aliyeolewa halazimishwi na sheria kuchukua jina la mume, hata kama fomu imeacha nafasi.

"Jina adimu litakufa, na likifa ukoo umekwisha"

Nusu ya kwanza inaweza kuwa kweli. Mwaka 1873 Mwingereza Francis Galton aliuliza swali hilohilo: jina likirithiwa kwa wana wa kiume tu, kuna uwezekano gani litoweke? Alilijibu pamoja na mchungaji Henry William Watson, na hesabu yao ikachapishwa mwaka 1874. Ilionyesha kwamba majina hutoweka kwa bahati tu, bila laana wala ugonjwa. Mwenye jina akizaa mabinti watupu, au asizae, limeishia hapo. Lenye watu wachache linaanguka mapema. Kwa hiyo mara nyingi jina adimu ni mabaki ya bahati, si dalili ya damu ya kifalme wala ya aibu iliyofichwa.

Lakini tazama wazee wetu walivyolikwepa jambo hili. Kwa Wakikuyu mwana wa pili huitwa kwa babu mzaa mama. Binti wa kwanza kwa nyanya mzaa baba, wa pili kwa nyanya mzaa mama. Jina linapita kwa binti sawa na kwa mwana. Mzee aliyezaa wasichana sita bado ana wajukuu wenye jina lake, pengine sita, kila nyumba mmoja. Jina la ukoo la kwenye karatasi ndilo linaloweza kufa kwa njia ya Galton, huku lilelile likiendelea kuishi mbele, kama jina la mtoto.

"Intaneti imesema tuko kumi na wawili tu"

Watu huniletea simu nione. Ninawaomba wasizitegemee namba hizo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini, 4,397,073 kati yao Nairobi, lakini taarifa zake zilizochapishwa hazina orodha ya majina ya ukoo. Marekani wanayo: baada ya sensa ya 2010 walitoa majina 162,253 yenye watu 100 au zaidi, Smith akiongoza kwa 2,442,977. Hata pale, jina la watu 99 halimo. Zinazotajwa za kwetu ni makadirio.

Tena mtahesabu jina lipi? Msomali wa Eastleigh ana jina lake, la baba na la babu, na la tatu linaandikwa kama la ukoo kwenye pasipoti kwa sababu fomu inalitaka. Kizazi kijacho litakuwa jingine.

Turudi kwa msichana wangu. Nilimwomba ampigie nyanya yake, Murang'a. Aliweka simu mezani tukasikiliza wote. "Shosho, jina la babu unalitamka vipi?" Bibi akalitamka polepole, mara mbili. Lilikuwa jina la kawaida kabisa, la watu unaokaa nao kwenye matatu kila asubuhi. Kwenye kitambulisho cha baba yake ritifaa ilikuwa imeanguka na herufi ya mwisho ikageuka, na kosa hilo likamfuata kwenye hati ya shamba, kwenye cheti cha kifo, na kwenye vyeti vya shule vya watoto wote.

Tukahesabu. Yeye, kaka zake wawili, na mtoto wa kaka mkubwa, wa darasa la pili. Wanne. Nikamuuliza kama anataka tuanze kurekebisha. Akaviangalia vile vyeti, akafikiria, akasema hapana, hili ndilo baba alilotuandikisha. Nikamchapia hati ya kiapo, mistari mitano, kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja, marehemu baba yake, na nikahakikisha ritifaa iko mahali pake katika lile la kwanza.